Tarishi wa Pili

(Hotuba iliyosomwa bwaloni, Siku ya Wanafunzi wa Zamani)

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wetu, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wangu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimechukuliwa na sisi wenye vitambi:

Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nizungumze juu ya sayansi na maisha kwa muda wa dakika 30. Nilipoisoma nilicheka peke yangu ofisini, maana sayansi niliiacha Mlimani siku ile ile nilipokabidhiwa shahada yangu ya zoolojia. Tangu hapo kazi yangu ni majalada. Mimi ni Afisa Tawala: napokea barua, naiandikia dokezo, naipeleka mbele, inarudi. Hata hivyo, tangu mwaka 2021 nimelazimika kuvifungua tena vile vitabu vya zamani na kutafuta vingine vipya, na sababu yake nitaieleza kabla sijaketi. Kwa sasa naomba mnivumilie niwaeleze habari za mlango mmoja mdogo sana uliomo katika chembe hai za ubongo, na za tarishi anayeusukuma.

Kila chembe ya ubongo ni betri. Ukiichoma kwa sindano ya kioo iliyo nyembamba kupita unywele, yenye maji ya chumvi ndani yake, ukaiunganisha na kipimo cha umeme, utaona kwamba ndani ya chembe kuna uhasi wa milivolti 70 hivi kuliko nje. Hizo si hata sehemu ya ishirini ya betri moja ya tochi. Umeme huu unatokana na chumvi. Nje ya chembe kuna sodiamu nyingi, ndani kuna potasiamu nyingi, na katika ngozi ya chembe vimetiwa vijilango vya protini ambavyo ioni hizi hupita. Vijilango vile tulivyofundishwa darasani hufunguka wakati uhasi wa ndani unapopungua. Chembe ikichangamka vinafunguka, na kwa kufunguka kwake chembe inazidi kuchangamka, mpaka inalipuka, yaani inapeleka ishara kwa jirani zake. Kisha inatulia.

Mlango ninaousema mimi una tabia ya kinyume. Huu hufunguka pale chembe inapotulia mno. Uhasi ukizidi, wenyewe hufunguka polepole, sodiamu inaingia, na chembe inaanza kupanda tena hatua kwa hatua kama mlinzi anayeshtuka kila kichwa kinapomwangukia kifuani. Inapanda mpaka inalipuka, inashuka, mlango unafunguka tena, inapanda tena. Mambo yanakwenda hivyo mchana na usiku bila mtu kutoa amri, nayo ndiyo asili ya mapigo. Waliouona mkondo huu wa umeme mara ya kwanza katika moyo walistaajabu hata wakauita mkondo wa vichekesho, na jina hilo lingali katika vitabu vya kitaalamu mpaka leo.

Moyo ndio uliotangulia kujulikana, kwa hiyo nami naanza nao. Mwaka 1921, mjini Graz huko Austria, mtaalamu wa dawa aitwaye Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura, yote inapiga, kila mmoja katika maji yake ya chumvi. Akausisimua kwa umeme mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza, ule uitwao vagasi, na moyo ukapunguza mwendo. Kisha akayachota yale maji na kuyamimina juu ya moyo wa pili, ambao hakuugusa kwa umeme wala kwa kitu kingine chochote. Nao ukapunguza mwendo. Maana yake ni kwamba mshipa haukuwa umepeleka umeme moyoni. Ulikuwa umemwaga dawa. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo hilo lilimjia ndotoni, akaamka akaliandika kwenye karatasi, na asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake. Usiku wa pili lilipomrudia hakuandika tena. Aliondoka moja kwa moja kwenda maabara. (Vijana, andikeni vizuri. Si wote wanaoota mara mbili.) Dawa ile ikaja kujulikana kuwa asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Basi, tukajua kwamba kuna dawa zinazoupunguza mwendo na nyingine, kama adrenalini, zinazouharakisha. Lakini adrenalini haiingii ndani ya chembe. Inaishia mlangoni. Sasa inawezaje kukiamuru kitu kilicho ndani?

Sisi wa ofisini jambo hili linatuingia upesi. Mtu wa nje haruhusiwi kuingia masjala. Anafika mapokezi, anatoa barua, anasaini daftari, anaondoka. Toka hapo barua inachukuliwa na tarishi wa ndani, na huyo ndiye anayezijua ngazi zote na vyumba vyote. Mmarekani Earl Sutherland, aliyekuwa akichunguza jinsi adrenalini inavyolifanya ini litoe sukari, ndiye aliyemgundua tarishi huyu wa ndani katika miaka ya 1950. Ni kemikali ndogo iitwayo saikliki-AMP. Adrenalini hugusa kipokezi juu ya ngozi ya chembe, na ndani yake saikliki-AMP hutengenezwa kwa wingi. Sutherland alimwita tarishi wa pili, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971.

Mwaka 1979 watafiti watatu waliokuwa Oxford, Hilary Brown, Dario DiFrancesco na Susan Noble, walionyesha kwamba adrenalini huuharakisha moyo kwa kuukuza ule mkondo wa vichekesho. Ilibaki kujua tarishi wa pili anafanyaje anapoufikia mlango. Kwa kawaida hafanyi kazi kwa mkono wake. Humpelekea karani, yaani kimeng'enya fulani, naye karani hugonga muhuri wa fosfati juu ya protini inayohusika. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba na mlango huu unangoja muhuri. Mwaka 1991 DiFrancesco na mwenzake Tortora walibandua kipande kidogo cha ngozi ya chembe ya moyo, wakakigeuza upande wa ndani utazame nje, wakakimwagia saikliki-AMP tupu. Hapakuwa na karani, wala wino, wala muhuri. Mlango ukafunguka. Tarishi alikuwa ameusukuma mwenyewe.

Nakiri kwamba jambo hili lilinifurahisha kuliko inavyompasa mtu wa cheo changu. Nimekaa serikalini miaka mingi nikiona barua inayotaka saini sita.

Mwaka 1998 maabara kadhaa, karibu kwa wakati mmoja, zilizisoma jeni zinazotengeneza milango hii. Kwa binadamu ziko nne, nazo zimepewa majina HCN1 hadi HCN4. Ule wa nne ndio mkubwa katika moyo. Wa kwanza na wa pili wameenea sana ubongoni. Kila mlango umeundwa kwa vipande vinne, na kila kipande kina mkia unaoning'inia ndani ya chembe, na mkiani mna kimfuko kinachomtosha tarishi mmoja. Tarishi akikaa mfukoni, mlango unakubali kufunguka mapema zaidi, pengine kwa tofauti ya milivolti 10 au 15. HCN2 na HCN4 wanamsikia sana. HCN1 anamsikia kidogo.

Sasa tuingie ubongoni. Katikati ya kichwa kuna sehemu iitwayo thalamasi. Karibu kila habari itokayo machoni, masikioni na kwenye ngozi hupita hapo kabla ya kufika juu kwenye gamba la ubongo, tunakofahamu. Chembe za thalamasi zina namna mbili za kufanya kazi. Tukiwa macho hulipuka moja moja, kwa kufuatana na kile kinachokuja: likija neno moja, linapita neno moja. Tukiwa usingizini hushuka uhasi mwingi, na hapo zinapiga kwa mafungu, tatatata, kimya, tatatata, kimya, zote pamoja kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Wakati huo habari za nje hazipiti. Mwalimu anaweza kusema apendavyo.

Ni nani anayezitoa katika mtwango ule na kuziweka katika kazi? Katika shina la ubongo kuna doa dogo lenye rangi ya buluu. Chembe zake ni makumi machache tu ya maelfu, wakati ubongo mzima una chembe za fahamu kama bilioni 86. Hawa ni kama ofisi ndogo inayotoa waraka kwa wizara zote. Waraka wao ni noradrenalini. Mwaka 1990 McCormick na Pape walionyesha kwamba noradrenalini na serotonini, zikifika thalamasi, hukuza mkondo wa milango yetu kwa njia ya saikliki-AMP. Milango ikifunguka, chembe zinapandishwa kutoka kwenye ule uhasi mwingi, mtwango unakatika, na habari zinaanza kupita moja moja. Ipo pia kemikali nyingine, adenosini, inayojikusanya kadiri tunavyokaa macho, nayo huupunguza mkondo huo. Kahawa hutuamsha kwa kuwa kafeini hukalia vipokezi vya adenosini kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake.

Msidhani lakini kwamba mlango ukifunguka ni heri siku zote. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, hapo tunaposhikilia jambo akilini kwa sekunde chache huku tukifikiri, hesabu ni nyingine kabisa. Mwaka 2007 Amy Arnsten na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti juu ya nyani wanaotakiwa kukumbuka mahali pa alama iliyokwisha kufutwa. Chembe za sehemu hiyo huendelea kulipuka kwa muda wote wa kungoja, zikiishikilia alama ile. Ikawa kwamba saikliki-AMP ikipanda, milango hii inafunguka na ishara zinavuja njiani kama maji katika ndoo iliyotoboka. Noradrenalini kwa kiasi cha wastani, kwa kupitia kipokezi cha namna nyingine, huishusha saikliki-AMP, milango inafungwa, na kumbukumbu inashika. Waraka ule ule, ukisomwa na ofisi mbili, unatekelezwa kinyume. Hofu ikizidi, kemikali hizi humwagika kupita kiasi, saikliki-AMP inapanda, na ndoo inavuja. Kwa hiyo kijana anayesimamishwa kujibu swali huku fimbo imenyanyuliwa juu ya kichwa chake, na jibu likampotea, huenda hasemi uongo akisema alilijua.

Nimefika kwenye sababu niliyoahidi.

Mwaka 2021 binti yangu alikuwa na umri wa miaka 7. Mwalimu wake alituandikia kwamba mtoto ni mwerevu lakini hasikilizi, anaota ndoto darasani. Mama yake akasema amechoka. Mimi nikasema ni televisheni, nikaifunga. Siku moja alikuwa ananisomea hadithi, akakomea katikati ya neno. Macho yalikuwa wazi yakipepesa. Nikamwita, hakuitika. Nikahesabu mpaka kumi, naye akaendelea na lile lile neno alilokuwa ameliacha, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hospitalini daktari alimpa kipande cha karatasi akamwambia akipulize kwa nguvu, bila kuacha, kama anapuliza jiko la mkaa. Haikupita dakika mbili akakoma. Karatasi ikatulia. Daktari akanitazama, wala hakusema kitu, akaandika. Kipimo cha umeme wa ubongo kilionyesha mawimbi makubwa yenye ncha, matatu katika kila sekunde, yanayoanza na kukoma ghafla pande zote mbili za kichwa. Akaniambia hiki ni kifafa. Nikabisha, maana kwangu mimi kifafa ni kuanguka na povu. Akanieleza kwamba kipo na hiki cha kuzubaa, kisichoangusha mtu. Thalamasi na gamba la ubongo zinaingia katika mtwango, ingawa mtoto yu macho, na kwa sekunde kumi milango ya habari inakuwa imefungwa. Alipewa vidonge, na leo anasoma vizuri kuliko mimi.

Usiku ule ndipo nilipoanza kusoma. Niliona kwamba mwaka 2003 wataalamu huko Ujerumani walikuza panya wasio na jeni ya HCN2. Panya wale walikuwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, tena walikuwa wakizubaa, na ubongo wao ukionyesha mawimbi yale yale yenye ncha. Bila mlango ule, chembe za thalamasi zilikuwa zimeshuka uhasi mwingi mno, tayari kwa mtwango. Sisemi kwamba binti yangu ana upungufu huo. Kwa binadamu vyanzo ni vingi na milango inayohusika ni mingi. Lakini kwa mara ya kwanza niliweza kuona mahali penyewe, na nilipopaona nikamkumbuka mtu.

Mliokuwa nami hapa kidato cha tatu, mwaka 1997, mtamkumbuka bila mimi kumtaja jina. Alikuwa akikaa dirishani. Tulimwita Redio, kwa sababu alikuwa akizungumza, anakatika, halafu anaendelea, kama redio ya betri zilizochoka. Mimi nilikuwa kiranja wa darasa. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele na wanaosinzia. Jina lake liliingia katika orodha yangu karibu kila wiki. Siku moja mwalimu alimwuliza swali, yeye akamtazama tu usoni, hakujibu. Mwalimu akaniuliza, huyu huwa anafanya hivi? Nikasema, ndiyo, Mwalimu, ana dharau. Nilitumia neno hilo. Alichapwa mbele ya darasa, na siku zilizofuata akachapwa tena. Baada ya likizo ya Desemba hakurudi. Tulisikia kwamba wazazi wake walikuwa wamempeleka kwa mganga.

Nilimtafuta. Ilinichukua miezi. Nilimpata mwaka 2022 katika mji mdogo ambako ni fundi cherehani, ana mke na watoto watatu. Nilipoingia dukani alinitazama kitambo, kisha akasema, "Kiranja! Umekuja kuandika jina?"

Tulicheka wote wawili, lakini mimi nilikuwa na machozi. Aliniambia kwamba alipokuwa na miaka 18 alianza na kuanguka, na ndipo ndugu zake walipompeleka hospitali. Anameza vidonge, na alikuwa na miaka sita hajaanguka. Nilimwomba radhi. Akanyamaza, akakata uzi kwa meno, akasema: "Unajua, mimi nilidhani walimu wote wanaruka maneno. Nilidhani na ninyi mnasikia hivyo hivyo, vipande vipande, ila ninyi mna akili za kuunganisha. Nikaona basi mimi sina akili."

Nimeyasema haya kwa ruhusa yake. Walimu wangu mlio kazini, mkimwona mtoto anayekatika katikati ya neno, akipepesa macho, akaendelea pale pale, wala hajui kwamba amekatika, mwandikieni wazazi wake barua aende hospitali. Ninyi viranja, kama mnaandika orodha, acheni nafasi pembeni ya jina muulize kwanza. Mambo ya kupuliza karatasi mwachieni daktari.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja la kiofisi. Fomu ya uanachama wa Umoja wetu ina mstari unaouliza mwaka wa kuhitimu, na ukiuacha wazi Katibu anairudisha. Yeye hana mwaka huo. Tumeandika, "Kidato cha Tatu, 1997." Ada yake amenipa mkononi, nimeikabidhi kwa Ndugu Mweka Hazina leo asubuhi, na stakabadhi hii hapa. Naomba jina lake liingizwe katika daftari.